Filimu Niliyoimalizia kwa Mdomo

Vijana wangu mnaotafsiri filimu siku hizi mmekaa kwenye viti vinavyozunguka. Mna kompyuta, ukikosea unafuta, unasema tena. Hongereni. Mimi nilikosea mbele ya kibanda kizima na hakuna kilichofutika. Mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu kwenye maiki kabla sijasahau, na mmoja wenu, simtaji, akaongeza chinichini, "kabla hajafa huyu mama." Alidhani sikusikia. Nilisikia, mwanangu. Masikio ndiyo yaliyonilisha.

Kwa yule ambaye karatasi hii itamwangukia mkononi na hajui kazi yetu: VJ ni mtu anayekaa pembeni ya skrini kwenye kibanda cha video, maiki mkononi, akiwaambia watazamaji wale Wazungu au Wachina wanasema nini. Kampala karibu wote wanafanya kwa Kiganda. Kibanda chetu cha Kisenyi kilikuwa cha Kiswahili, kwa sababu wateja wetu walikuwa familia za askari na polisi kutoka kaskazini, Wakongo, Wasomali wa maduka ya jumla, na madereva wa malori waliosubiri magari yao gereji. Kiswahili hapa mjini kilikuwa na jina baya, lugha ya askari waporaji. Zamani mtu akikupigia hodi kwa Kiswahili, ulificha kuku kwanza ndipo ukafungua mlango. Mimi ni binti wa askari na mjane wa polisi, nimekizungumza tangu sijaota meno, na kwa miaka ishirini na saba watu walilipa kiingilio ili wakisikie. Hilo najivunia, na mniache nijivunie.

Sikuanza kama VJ. Nilikuwa nauza chai na mandazi mlangoni pa kibanda cha Mzee Kasimu. Mzee Kasimu alikuwa dereva wa jeshi aliyestaafu, mwenye kibanda na mtafsiri wake peke yake, filimu sita kwa siku. Ukuta kati yetu ulikuwa bati tupu, kwa hiyo miaka miwili nilisikia kila filimu bila kuona hata moja. Basi alasiri moja sauti yake ikakauka katikati ya vita. Akatoka nje, akajionyesha koo kwa kidole, akanionyesha mimi, akauonyesha mlango.

Nikamwambia, "Mzee, na chai yangu?"

Akaninyang'anya birika, akakaa kwenye kigoda changu, akaanza kuuza.

Ndani nilipata mshtuko. Adui niliyemchukia miaka miwili kumbe kijana mzuri ajabu, na steringi, shujaa wetu, alikuwa na kitambi. Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Mwanamke! Jenerali atazungumza na sauti gani?" Nikashika maiki, nikamfanya jenerali azungumze kwa sauti ya marehemu mume wangu siku ile aliyokosa soksi zake na gwaride linamngoja. Wake wa polisi waliokuwa benchi la nyuma walicheka mpaka tukasimamisha filimu. Jioni Mzee Kasimu alinirudishia birika likiwa tupu, na mandazi manne hayakuwa na maelezo.

Alinifundisha kazi kwa sheria tatu, akizitoa kama anayeagiza kikosi. Ya kwanza: usimwache mtu kimya kwenye skrini. Mteja hakuja kutazama watu walionuna, hao anao nyumbani. Ya pili: hakuna mahali pa mbali. Mtaa wowote wa Ulaya uite Kasubi, bandari yoyote iite Ggaba, watu waone wanapajua. Ya tatu alikuwa akiisema kwa kidole juu: "Umeme ukikatika, wewe ndiye umeme."

Hii ya tatu lazima niieleze, maana nyinyi mmekuta jenereta. Umeme ukikatika katikati ya filimu, wateja wetu hawakutoka. Walipiga benchi kwa viganja na kudai, "Malizia! Malizia!" Hapo VJ alisimama penye giza, akaimalizia filimu kwa mdomo mpaka mwisho, na milio ya bunduki juu. Kama umeshaiona, unasimulia. Kama hujaiona, unasimulia vilevile. Na filimu iliyomaliziwa kwa mdomo haionyeshwi tena kamwe, asije mtu akalinganisha. Mzee Kasimu alizitia diski hizo kwenye kasha chini ya kiti chake. Aliliita makaburi.

Vifaa vyetu mngevicheka. Maiki ilivishwa soksi ili isiteme mate yetu kwa wateja, na soksi yenyewe ilifuliwa Ijumaa kwa Ijumaa. Ukutani tulibandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Nilikuwa na chupa ya chai ya tangawizi isiyo ya moto sana. Kuhusu soda mnisikilize: msinywe soda kabla ya filimu ya mapenzi. Mimi niliwahi kucheua katikati ya busu, na mpaka leo wako watu wazima na akili zao Kisenyi wanaoamini kwamba yule bwana harusi alikuwa mgonjwa.

Kisha zikaja filimu za vijana, zile za msichana au mvulana anayekua na kujitafuta yeye ni nani. Zilikuja zimechanganywa kwenye mzigo wa filimu za vita, bila mtu kuziagiza. Ganda la diski ya kwanza lilikuwa na mvulana juu ya baiskeli, nikadhani atafukuzwa na majambazi. Dakika arobaini zikapita, hakuna aliyemfukuza. Mvulana alikwenda shule, akarudi, akamtazama msichana wa jirani, akajifungia chumbani akalia. Afande mmoja mstaafu, mwenye benchi lake la mbele ambalo mtu mwingine halikalii, akanyoosha mkono.

"Mama Saidi, samahani. Huyu kijana ana baiskeli, ana mama, ana chakula, ana kitanda cha peke yake. Analia nini?"

"Afande, tuvumilie. Labda kuna vita mbele."

"Na adui ni nani?"

Filimu zile hazikuwa na adui. Kila mtu alikuwa na haki kidogo na makosa kidogo, kama kwenye kikao cha harusi. Afande alitoka akisema tumemwibia alasiri yake. Lakini Jumamosi iliyofuata watoto wa kambi ya polisi walirudi, wakaja na wenzao, wakauliza kama tuna nyingine za namna ile. Basi Jumamosi saa nane mchana pakawa mahali pao.

Mimi mwenyewe niliwaonea wivu wale wasichana wa kwenye skrini, niseme ukweli. Kwetu ujana ulikuwa mfupi: Jumatatu naruka kamba, Ijumaa ni mke wa mtu. Kumwona msichana wa miaka kumi na sita anapewa filimu nzima ajiulize tu anataka nini, nilijihisi kama abiria aliyepitishwa kituo chake akiwa usingizini. Wateja hawakujua. Walisikia natania tu.

Tabu ya kikazi ilikuwa kimya. Kwenye filimu za vijana msichana anaweza kukaa dirishani dakika tatu, anatazama mvua, hasemi neno. Sheria ya kwanza inakataza. Nikawa nawajazia mawazo: "Eh, mvua hii, na nguo za shule bado zimo kwenye kamba." Au: "Mama kanituma mafuta, ngoja nijifanye kiziwi." Watoto walivunjika mbavu. Na kwa kuwa walitaka adui, niliwapa adui. Nilimfanya mzazi kuwa adui. Baba yeyote akitokea kwenye filimu nilimpa sauti nzito ya kambini, akifungua mdomo anafoka, hata pale ambapo midomo yake ilikuwa inasema kwa upole, "Karibu chakula." Nilipigiwa makofi, na makofi yalinilevya. Hakuna pombe niliyowahi kuonja, lakini hayo niliyanywa.

Sasa mjue mtu mmoja. Ukuta wa pili wa kibanda tulishirikiana na fundi cherehani, Baba Riziki, mkimbizi wa Bukavu, Kongo, mtu wa kanisa, aliyeshona sare za shule kuanzia alfajiri. Hakuwahi kuingia kwetu. Sinema kwake ilikuwa dhambi, ila dhambi ya jirani, ya kusalimiwa kwa heshima kila asubuhi kupitia bati. Tepu ya kupimia haikuwahi kumtoka shingoni, nadhani hata kanisani. Mkewe alifia kwao, yeye akaja Kampala na binti wa mgongoni, akamlea peke yake. Huyo ndiye Riziki.

Riziki alikuwa na miaka kumi na mitano, na kucha nyeusi. Akitoka shule alipitia gereji za Kisenyi, anashikia mafundi spana, anauliza maswali mpaka wanamfukuza, kesho yupo tena. Kila jioni nilisikia ukutani ugomvi uleule, kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho mtoto ni mutoto na watu ni batu.

"Mutoto mwanamuke na mafuta ya injini? Hapana. Cherehani iko hapa."

"Baba, cherehani ni yako."

"Na ni nani anakulisha? Injini ama cherehani?"

Kisha sauti ya cherehani, kwa hasira, kwa kasi. Kila Jumamosi Riziki alikuwa benchi la mbele, lile aliloliacha Afande, na baba anapofoka kwenye skrini, yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nilimpenda mtoto yule. Nilipenda anavyocheka, na kila Jumamosi nilitafuta la kumchekesha.

Jumamosi yenyewe tulikuwa na filimu ya msichana mmoja wa Kizungu na baba yake mjane mwenye duka la viatu. Sikuwa nimeitazama kabla. Uvivu, hakuna jina lingine. Msichana anataka kuondoka akasomee mambo yake, baba anataka abaki dukani. Wanagombana jikoni, sahani inavunjika, alfajiri msichana anabeba begi, anaenda kukaa kwenye benchi la kituo cha basi. Hapo umeme ukakatika.

"Malizia! Malizia, Mama Saidi!"

Nikasimama. Riziki alikuwa mbele yangu kabisa, mwanga kidogo wa mlangoni umempiga usoni, ameshika benchi kwa mikono miwili. Hakuwa anacheka. Nikamwona, na nikaimalizia filimu kwa ajili yake. Nikasema basi lilikuja, msichana akapanda, hata hakugeuka nyuma. Akashuka Ggaba. Pale ziwani akawakuta mafundi wa injini za boti wamekwama, akawaambia, "Nipeni spana," akaitengeneza mara moja. Kibanda kikalipuka. Nikaendelea, nani wa kunizuia? Nikasema baada ya mwaka akarudi na gari lake, na baba akatoka dukani, akapiga magoti, akalia, akamwomba msamaha. Watoto wakanibeba mabegani mpaka nje. Nilikuwa mzito kiasi hata wakati ule, kwa hiyo mjue walifurahi kweli.

Kesho yake Jumapili Riziki alimwambia baba yake kichwa kinamuuma. Baba akaenda kanisani peke yake. Mchana nikiwa nafagia kibanda, nikamwona amesimama mlangoni petu, na suti ya kanisani, na tepu shingoni. Kwa miaka yote ile hajawahi kukanyaga kizingiti kile. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi ya daftari.

"Mama Saidi, mutoto yangu hayuko. Aliacha hii. Unisomee vizuri, macho yangu yanakataa."

Nikasoma. "Baba, nimeenda kama yule msichana wa Mama Saidi. Usinifuate. Nitarudi na gari, na wewe utaelewa."

"Yule musichana wako," akaniuliza, "alienda wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia Ggaba. Nikamweleza yote, umeme, benchi, injini, magoti. Nilipofika kwenye magoti alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Nikampigia simu Mama Nakku, muuza samaki wa Ggaba aliyekuwa mteja wetu. Mungu mkubwa, alikuwa naye mbele ya macho. "Bambi, maskini, huyu mtoto ni wenu? Tangu asubuhi amekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, anawaomba mafundi spana. Nimempa chai." Nikamwambia asimwache aende popote, tunakuja.

Nikachukua mtandio. Baba Riziki hakusogea.

"Nikienda vile niko sasa, nitamupiga," akasema. "Nitamupiga, na akiondoka tena sitamuona. Ninajijua." Akaigeukia skrini. "Yule baba wa filimu. Kweli kweli, alifanya nini?"

"Nimekwambia, mimi nilisema alipiga ma..."

"Hapana. Usiniambie ile ulisema. Ile alifanya."

"Sijui, Baba Riziki. Sikuiona. Umeme ulikatika."

Akaketi kwenye benchi. Benchi la mbele, lile la Afande. Akaweka mikono juu ya magoti, akasema, "Basi unionyeshe."

Mzee Kasimu alikuwa ameketi juu ya makaburi yake, amesikia kila neno, anajifanya anachokonoa meno. Nikamwomba ile diski. Akasema filimu iliyomaliziwa kwa mdomo hairudiwi, hata rais akiomba. Nikamwambia Mzee, kuna mtoto ziwani amekaa ndani ya uongo wangu. Akanitazama, akamtazama fundi, akainuka polepole akitukana magoti yake, akafungua kasha.

Tukaitazama watatu, mchana, mlango wazi. Msichana yuko kwenye benchi na begi lake. Baba anakuja kwa miguu, anahema, kwapani ana sanduku la viatu. Mimi, kwa mazoea, nikashika maiki. Baba hasemi kitu. Anaketi. Msichana hasemi kitu. Muda unapita, kumepoa, pumzi zao zinaonekana. Kisha yule baba anashuka chini, si kwa kuomba msamaha, bali anamvua bintiye kiatu cha kushoto, kilichokwisha soli. Anapima mguu kwa kiganja. Anamvisha kiatu kipya, anafunga kamba, anakwenda wa kulia. Basi linakuja, linasimama mbele yao, linawaziba. Filimu ikaisha hapohapo, basi bado halijaondoka.

"Alipanda ama hakupanda?" akauliza Baba Riziki.

"Hawakuonyesha."

"Batu ba filimu ni bavivu," akasema. Halafu: "Rudisha. Kwenye kiatu."

Nikarudisha. Akaomba tena, nikarudisha tena. Mara ya tatu Mzee Kasimu alisahau meno yake. Nilikuwa na maneno kumi tayari ya kumtia yule baba mdomoni, ya kuchekesha na ya kuliza. Nikaiweka maiki juu ya meza. Baba Riziki akajifuta uso kwa ncha ya tepu yake, akasimama.

"Twende."

Tulipata boda moja tu, tukapanda wawili nyuma ya dereva Mganda aliyetuuliza, "Mama, Ggaba ni mbari, mzee ataweza?" Mzee aliweza. Ni mimi niliyepiga kelele kila kona. Sikujua yeye anakwenda kufanya nini. Nilikuwa nimeshatengeneza kichwani miisho mitano na yote ilikuwa mibaya.

Riziki alituona kabla hatujashuka. Alisimama juu ya ile mashua, akatazama kushoto na kulia apate pa kukimbilia, na mbele kulikuwa na maji tu. Mikono yake ilikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko. Baba Riziki akapita katikati ya wauza samaki na suti yake ya kanisani, akafika, akaketi juu ya ubao wa mashua. Akapiga kwa kiganja pale pembeni yake, mara moja. Baada ya muda Riziki akaketi.

Hawakusema kitu. Wale mafundi wa boti wakaacha kazi wakawatazama. Mama Nakku akanisogelea na kisu cha samaki mkononi, akaninong'oneza, "Wanasema nini?" Kazi yangu yote ilikuwa kujibu swali hilo. Nikamwambia, "Nyabo, ngoja."

Ndipo fundi akatoa tepu shingoni. Akamgusa bintiye begani, Riziki akaruka akidhani ni kofi. Akamnyoosha mgongo taratibu, akaweka tepu kutoka bega mpaka bega. Akapima mkono, kutoka bega mpaka kwenye kiganja chenye mafuta. Akapima kiuno, na mguu mpaka kwenye kifundo. Hakuwa na kalamu, kwa hiyo neno la kwanza lililosikika lilikuwa kwangu, bila kugeuka: "Mama Saidi, wewe una kichwa. Shika. Bega, inchi kumi na tano. Mukono, ishirini na mbili. Iwe na nafasi, mutu wa injini anainama."

Riziki ndipo akalia. Nami nililia, sina aibu, huku narudia kumi na tano, ishirini na mbili, nisije nikaharibu tena.

Lile vazi la gereji alilishona kwa vitambaa vilivyobaki vya sare za shule tatu tofauti, kwa hiyo kila mguu ulikuwa na shule yake. Walikubaliana shule amalize, gereji Jumamosi. Nilipoteza mteja wangu bora. Jumamosi iliyofuata niliwaambia watoto mwisho niliowapa ulikuwa wa kichwani mwangu, nikawaonyesha wa kweli. Wakazomea. Walisema wangu ulikuwa mzuri zaidi, na wako wanaosema hivyo mpaka leo. Mzee Kasimu hakunikaripia. Alinunua jenereta kabla hajafariki, Mungu amrehemu, na alimtaka Riziki peke yake ailee.

Tangu hapo niliitazama kila filimu kabla ya kuitafsiri. Baba wa kwenye skrini akisema "Karibu chakula," nilisema karibu chakula. Na kimya nilijifunza kukigawa: cha dakika moja nilikijaza, kirefu kuliko hapo nilikiuliza kwanza kama kina mwenyewe. Sikuwa nafaulu kila mara. Mdomo una mazoea yake.

Siku yangu ya mwisho mliniambia nichague filimu. Nikaomba ile ya viatu, kutoka makaburini. Mlijaa, na simu zenu zinawaka kama kumbi za harusi. Riziki alisimama nyuma karibu na jenereta, mwanamke mzima mwenye gereji yake, spana mfukoni. Baba yake, ambaye sasa anakuja bila kuomba radhi kwa mtu, alikuwa benchi la mbele na tepu shingoni. Ilipofika pale kwenye kituo cha basi, nikaiweka maiki mezani. Mkaanza.

"Sema, Mama!"

"Maiki imekufa?"

"Mama Saidi, tuambie basi!"

Yule mzee hakugeuka. Aliinua mkono mmoja, macho yake kwenye skrini.

"Munyamaze," akasema. "Banazungumuza."